Jicho Juu ya Paa

Sisi wa Sigowet, tuliozungukwa na majani chai, tukiteremka Pwani huwa tuna njaa ya kutazama. Likizo ya Agosti familia tisa tulisafiri pamoja: Mombasa, magofu ya Gede, kisha Mokowe na mashua hadi Lamu. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, vijana waliipiga picha kila pembe. Niliwaambia kuwa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331 bila kamera, na hadi leo tunawaona kwa maneno yake watu wakiosha miguu mlangoni mwa msikiti. Walicheka, wakaendelea kupiga.

Gede ni mawe matupu. Lamu, iliyo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, ni makazi ya watu. Aliyejenga nyumba ya Kilamu alilifikiria jicho la mpita njia: mgeni huishia dakani, penye baraza za mawe, na njia ya ndani hupinda, ili hata mlango ukiwa wazi macho yagote ukutani. Hakumfikiria mgeni aliyepanda juu ya paa na simu.

Jioni ya pili binti mmoja wa msafara alipiga picha ya jua likichwa, akaituma katika kundi letu la WhatsApp. Pembeni mwa picha, uani kwa jirani, mama na binti zake walikuwa wakisukana nywele. Mke wangu ndiye aliyeiona mwanzo, akanizuia nisifungue simu. Picha ilifutwa, lakini wengine walikwisha kuihifadhi, na mmoja kuipeleka Kericho.

Aya ya 27 ya Suratun-Nur yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila idhini na salamu, na Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho. Sioni kwa nini jicho la simu lisamehewe.

Asubuhi mke wangu na yule binti walikwenda kubisha hodi. Bi mwenye nyumba aliwakaribisha, akawamiminia kahawa, akasikiliza hadi mwisho. Hakukemea. Aliuliza tu, "Imefika kwa nani, mwanangu?"

Binti alianza kuhesabu majina. Siku zilizobaki hakupiga picha. Alipiga simu, nyumba kwa nyumba, akiomba ifutwe. Tulipopita Witu tukirejea, ilibaki simu moja, na mwenyewe hapokei.