Trampolini katika parsele: waruke au tuiondoe?



Wengi wenu mmetuuliza sokoni na njiani kama ni kweli kwamba kikundi chetu kilivunja mtoto mguu. Ni heri tuwaelezee sisi wenyewe toka mwanzo, kwa sababu maneno ya njiani yanakua kila yakipita mdomo, na pia kwa sababu jambo hili linaweza kufika kesho katika parsele yako.

Mmoja wetu anakaa Himbi, hapa Goma. Jirani zake walipohama walimwachia trampolini. Kwa asiyeijua: ni kitambaa cheusi kigumu, duara, upana wa karibu mita 3. Pembeni kimevutwa na resori nyingi za chuma, kimesimama juu ya miguu ya chuma, na wavu unakizunguka ili mtoto asianguke nje. Wavu huo ulikuwa umepasuka pahali pawili. Tuliushona kwa uzi wa nailoni, tukasema basi, kazi imekwisha.

Mnajua namna watoto wetu wanavyokosa pahali pa kucheza. Barabarani ni pikipiki, magari na chukudu zinazoteremka na mizigo. Ndani ya parsele ni mawe ya volkano, kwani sehemu nyingi za mji tumejenga juu ya kile Nyiragongo ilichomwaga. Mtoto anakimbia kidogo tu, anarudi goti limechubuka. Kwa hiyo tulipoona watoto wanarushwa juu wakicheka, hatukuona hatari yoyote. Tuliona furaha.

Tena tukaona franka. Kikundi chetu ni cha AVEC, tuko wamama 22, na kisanduku cha msaada kilikuwa karibu kitupu baada ya misiba miwili. Tukakata shauri: kila Jumamosi mchana, mtoto analeta franka 500, anaruka dakika 10. Jumamosi mbili za kwanza tulipata franka 41 000. Tulipiga vigelegele.

Jumamosi ya tatu watoto walikuwa wengi. Ili foleni iende upesi, tuliwaacha waingie 5 au 6 pamoja. Kati yao kulikuwa na mvulana wa miaka 12, mtoto wa mmoja wetu, na msichana wa miaka 4, mtoto wa mwenzetu mwingine. Mvulana aliruka, akashuka kwa nguvu. Msichana alirushwa, akarudi chini juu ya mguu mmoja. Hakutoka nje ya wavu. Hakugonga chuma. Alianguka pale pale katikati ya kitambaa, tukafikiri analia kwa woga. Mama yake alipojaribu kumsimamisha, mguu ulikataa. Hospitalini picha ilionyesha mfupa wa muundi umepasuka chini kidogo ya goti.

Siku ile tulikuwa wamama 5 katika parsele. Mmoja alikuwa akihesabu franka. Wawili walikuwa wakichambua sombe. Mmoja alikuwa kwenye simu. Wa tano alikuwa mlangoni akipanga watoto. Tulikuwa wote pale, na hakuna hata mmoja aliyeona namna mtoto alivyoanguka.

Juma lile lilikuwa baya. Mama wa msichana aliuliza nani atalipa hospitali. Mama wa mvulana alisema mtoto wake anaitwa muuaji katika avenyu, na kwamba yeye atatoka katika kikundi. Mvulana mwenyewe alikataa kula siku mbili. Kuna waliosema ni kosa la mwenye parsele. Kuna waliosema mtoto wa miaka 4 asingeletwa. Tulirushiana maneno ambayo leo tunayaonea haya.

Aliyetutuliza ni binti wa mwenzetu mmoja, anayesomea uuguzi. Alikuja katika mkutano na karatasi zake. Alitueleza kwamba American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha waganga wa watoto cha Marekani, kilichunguza jambo hili miaka mingi, na mwaka 2012 kilirudia shauri lake la zamani: trampolini isiwekwe nyumbani kwa mchezo wa watoto. Tulishangaa, kwa sababu kule ndiko vitu hivi vilikotoka.

Kisha akatusomea sababu, na kila sababu ilikuwa kama mtu aliyekuwa pale siku ile akituangalia. Karibu robo tatu za ajali hutokea wakati watoto zaidi ya mmoja wanaruka pamoja. Na wakiwa pamoja, anayeumia sana ni yule mdogo: aliye mwepesi anaweza kuwa na hatari hadi mara 14 kuliko mwenzake mzito. Alitufafanulia hivi: mzito akishuka, kitambaa kinazama, halafu kinarudi juu kwa nguvu yote. Kikimkuta mdogo anashuka, ni kama ameanguka juu ya sakafu inayompiga toka chini. Mfupa wa mtoto chini ya miaka 6 hauwezi kubeba mpigo huo, na mara nyingi unapasuka pale pale chini ya goti. Waganga wanaujua vizuri mvunjiko huu.

Tukamuuliza juu ya wavu. Akasema wavu haukupunguza ajali kama watu walivyotumaini, kwani nyingi hutokea ndani, juu ya kitambaa chenyewe. Tukamuuliza juu ya mtu mzima kusimamia. Akasema theluthi moja mpaka nusu ya ajali zilitokea mtu mzima akiwa pale. Hapo tukanyamaza, kila mmoja akiwaza sombe na simu. Mwishoni akataja kupinduka hewani kichwa chini: hilo ndilo linaloweza kuvunja shingo, na mtoto asilijaribu hata siku moja.

Mama wa mvulana alilia. Alisema: "Basi mtoto wangu hakufanya ubaya. Aliruka tu, kama tulivyomwambia." Mama wa msichana alisimama, akamshika mkono. Siku ile tulikubaliana kwamba franka 41 000 na zile za Jumamosi ya tatu ziende hospitali, na kilichobaki tuchangie sisi 22.

Lakini ilibaki kukata shauri juu ya trampolini. Wengine walitaka tuendelee na masharti: mmoja mmoja, hakuna wa chini ya miaka 6, hakuna kupinduka, na mama mmoja anayeangalia tu bila kazi nyingine. Ni masharti mazuri. Kama una watoto wawili wakubwa na parsele iliyofungwa, labda utayaweza. Sisi tulijipima kwa ukweli. Mmoja mmoja, na watoto 30 kwenye foleni, ni saa 5 kwa dakika 10 za kila mmoja. Nani atakaa pale saa 5 bila kuinua macho? Na siku ambazo si Jumamosi, mwenye parsele akienda sokoni, atamwambiaje mtoto wa jirani asiingie? Kwetu mlango haufungiwi mtoto.

Tena tulitembea kuzunguka chombo chenyewe. Upande mmoja kilikuwa hatua moja tu na ukuta wa mawe. Chini yake ni volkano tupu. Resori nne zilikuwa na kutu, na sifongo ya kuzifunika ilikuwa imeliwa na jua. Uzi wetu wa nailoni ulikuwa umeachia tayari.

Mama mmoja mzee, mwenye kushika ufunguo wa kisanduku, alisema neno lililomaliza mabishano. "Franka zetu tumezifungia kufuli 3, na wamama 3 wana funguo, na hakuna anayefungua peke yake. Siku ile watoto walikuwa na kufuli gani?"

Tukapiga kura. Wamama 15 walisema iondolewe, 7 walisema ibaki. Wale 7 bado wanaona tuliogopa kupita kiasi, na tunawaheshimu. Tuliifungua vipande vipande. Watoto walilia, na mabinti wawili wa mwenye parsele hawakutusalimu siku kadhaa. Hatuwezi kuwaambia kwamba ilikuwa rahisi.

Kisha tulinunua chukudu 4 za mchanga, tukasawazisha kona moja ya parsele. Pale watoto wanaruka kamba, na tairi kuukuu za gari tumezizika nusu. Hakuna anayelipa. Kisanduku cha msaada tunakijaza polepole kwa kuuza mandazi.

Wamama wapenzi, kama trampolini ikifika kwenu, toka kwa jirani au kwa ndugu wa Ulaya, au mtoto akialikwa kwenye sikukuu ambako wameikodi, msiulize kwanza kama ni nzuri. Ulizeni: ni nani atakayeruka pamoja na mtoto wangu, na mzito kiasi gani? Ana miaka 6? Chini na pembeni kuna nini? Na ni mama gani, kwa jina lake, atakayeketi pale akiangalia tu? Kama jina halipatikani, mrudishe mtoto nyumbani.

Msichana wetu alitembea tena baada ya mwezi na zaidi. Juma lililopita tulimwona mchangani akiruka kamba. Aliyekuwa akimzungushia kamba ni yule mvulana.