Siku Sauti Iliponikimbia Paredi

Namshukuru Mungu ninaandika haya nikiwa bado mwalimu. Kama ukimya wako unakutesa kazini au darasani, ushuhuda huu ni wako.

Nyumbani hakuna aliyeniona nina kasoro. Baba yangu mwenyewe haongei sana. Taabu ilianza sekondari. Alama zangu zilikuwa nzuri, ila ripoti ilisema nimepooza, sishiriki. Chuoni, kwenye saikolojia ya elimu, tukasoma kwamba Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika tangu 1921 kuwa wapo watu wanaoelekea ndani ya nafsi zao na watu wanaoelekea nje. Nikafaulu mtihani. Hofu ya kusema mbele za watu ikabaki palepale.

Nikaajiriwa, na zamu yangu ikafika. Mwalimu wa zamu ndiye husoma matangazo paredi, shule nzima ikimtazama. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Karatasi ikatetemeka, mstari wa mbele wakaiona. Mmoja akacheka. Wakacheka wote. Mwenzangu akaja, akaichukua, akasoma yeye. Ofisini mtu akauliza, nami nasikia, nani alimdanganya huyu asomee ualimu.

Usiku ule sikula. Sikulala. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Nikazima simu. Nilitamani kusikuche.

Kulipokucha nikaiwasha. Mama alikuwa amepiga usiku kucha. Nikamweleza yote, nikilia. Akasali palepale kwenye simu, kisha akasema, "Barua usiipeleke, mwanangu. Iweke kwanza, tumsikilize Mungu."

Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja wa Hisabati, mama mtu mzima, aliniita nikae nyuma darasani kwake. Aliuliza swali, akageuka kufuta ubao, taratibu, kama hana haraka na dunia. Kimya. Kisha mtoto ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake akanyoosha kidole. Ndipo nikakumbuka utafiti wa Mary Budd Rowe wa Marekani, wa miaka ya 1970: walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kusubiri! Kama kuna kazi ninayoiweza, ni hiyo.

Siku hizi nauliza, nasubiri. Wanaandika kwanza, wanasemezana wawili wawili, ndipo wanasema. Yule mwenzangu aliyeniokoa ni msemaji hasa, na siwaonei wivu watu wa aina yake: kikao cha wazazi anazungumza yeye, mimi naandika muhtasari, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Paredi bado viganja hulowa jasho. Naomba kimoyomoyo, nasoma, nashuka.

Ndugu yangu, kama leo uko kwenye usiku kama ule wangu, usiamue neno kabla hakujakucha. Washa simu. Mpigie mtu wa nyumbani anayekuombea, umweleze yote.