Kila Mtu Aitwe kwa Jina Lake



Wasomaji wapenzi, habari hii tunaiandika kwa haya, maana inaanza na kosa letu wenyewe.

Mwishoni mwa mwezi wa Julai 2025, waasi wa ADF waliingia usiku katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite kule Komanda, katika Ituri, wakawaua makumi ya waamini waliokuwa wamekusanyika kusali. Habari zilifika kwetu upesi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu hawakwenda nyumbani. Walisimama chini ya mti mbele ya kanisa, wakaongea kwa sauti ya chini kama watu walio matangani. Ndipo kijana mmoja wa kwaya akasema: «Na yule mwislamu wetu wa sokoni je? Anangoja nini kwetu?» Wengine wakaitikia. Mmoja akasema afunge duka lake kabla ya Ijumaa. Mwingine akasema duka likishika moto, hakuna atakayelia.

Watu wakatutazama sisi, kwa sababu sisi ni katekista wao. Nasi tulimjua vizuri mzee huyo. Mwaka uliotangulia, mtoto wetu aliposhikwa na homa kali usiku wa mvua, ni pikipiki ya mzee huyo iliyompeleka hospitali, wala hakutaka hata bei ya mafuta. Yote hayo tuliyajua. Lakini tuliinama, tukakusanya vitabu vya nyimbo, tukasema: «Haya, twendeni nyumbani, jua limekuwa kali.» Tukaenda.

Usiku ule usingizi haukuja. Tukaikumbuka nchi moja ya jirani, ambayo habari zake tulizisikiliza redioni kila jioni zamani tulipokuwa seminarini. Ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, inayopakana nasi kwa mito Ubangi na Mbomou. Aliyeweka misingi ya nchi ile, Barthélemy Boganda, alikuwa padri, wa kwanza kati ya wenyeji, aliyepewa upadri mwaka 1938. Alipokuwa kijana alisoma pia huku Kongo, Lisala na Kisantu. Aliwaachia watu wake neno moja la Kisango: Zo kwe zo, maana yake kila mtu ni mtu. Alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Machi 1959, kabla ya uhuru wa nchi yake. Watu walilishika neno lake midomoni. Kulishika mioyoni ni kazi nyingine.

Mwishoni mwa mwaka 2012, vikundi vya wapiganaji wa kaskazini viliungana, vikajiita Seleka, yaani muungano. Tarehe 24 Machi 2013 viliuteka mji mkuu wa Bangui. Rais François Bozizé akakimbia, na Michel Djotodia akashika utawala. Wengi wa wapiganaji hao walikuwa waislamu, na wengine walitoka Chadi na Sudani. Je, vita hivyo vilikuwa vya dini? Hapana. Vilitoka katika umaskini wa mikoa iliyosahauliwa na serikali, katika tamaa ya almasi na dhahabu, na katika tamaa ya kiti cha utawala. Lakini Seleka walipora misioni na nyumba za wakristu, na uchungu ukajaa. Basi vijana wengine wakajikusanya, wakaitwa anti-balaka, wamejifunga hirizi shingoni. Tarehe 5 Desemba 2013 wakaushambulia mji wa Bangui, na kwa siku chache tu watu mamia wakafa, wa upande huu na wa upande huu.

Djotodia alijiuzulu tarehe 10 Januari 2014. Baada ya hapo waliolipa deni la Seleka si Seleka. Walilipa wauza nyama, wafuga ng'ombe, wenye maduka, akina mama na watoto wao, kwa sababu tu walikuwa waislamu. Waliondoka kwa makumi ya maelfu, wamepakiwa juu ya malori, kwenda Chadi na Kameruni. Katika Bangui wengi wa waliobaki walijifungia katika mtaa mmoja uitwao Kilomita 5.

Watu wa mbali wakaandika kwamba anti-balaka ni «jeshi la wakristu». Maaskofu wa nchi ile walikataa jina hilo. Walisema wazi kwamba anayeua jirani yake na kuchoma nyumba yake hana haki ya kutumia jina la Kristu. Vilevile hawakukubali Seleka waitwe jeshi la waislamu wote. Mtu anaweza kudhani ni ubishi wa maneno tu. Lakini fikirini: mwenye bunduki akishapewa jina la dini, kila mtu wa dini ile amekwisha kuhesabiwa pamoja naye, hata mtoto anyonyaye.

Wachungaji watatu hawakukaa kusema tu. Askofu mkuu wa Bangui, Dieudonné Nzapalainga, ambaye Papa alimfanya kardinali mwaka 2016, Imamu Omar Kobine Layama, na mchungaji wa Kiprotestanti Nicolas Guérékoyamé-Gbangou walikwenda pamoja vijijini na mitaani, ili watu wawaone kwa macho yao. Mwezi ule wa Desemba 2013, imamu alipotishwa kuuawa, askofu mkuu alimpokea na jamaa yake nyumbani kwake, wakakaa miezi chini ya paa moja. Imamu huyo amekwisha kufariki, mwaka 2020.

Wakati huohuo viongozi walitafuta njia ya kuitoa nchi vitani. Catherine Samba-Panza, aliyekuwa meya wa Bangui, alichaguliwa mwezi wa Januari 2014 awe rais wa kipindi cha mpito. Mwezi wa Mei 2015 wajumbe wa pande zote walikutana Bangui kwa mkutano mkubwa wa upatanisho. Tarehe 29 Novemba 2015 hayati Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika kanisa kuu la Bangui, siku kadhaa kabla ya kuufungua ule wa Roma, na kesho yake akaingia katika msikiti wa Koudoukou, mtaani Kilomita 5. Kisha kura ikapigwa, na tarehe 30 Machi 2016 Faustin-Archange Touadéra akaapishwa kuwa rais.

Ungedhani yamekwisha. Lakini vikundi vya silaha vilibaki mikoani, na jirani hakurudi kuwa jirani kwa siku moja. Kura yaweza kumpa mtu kiti cha urais. Haiwezi kumtoa mgeni aliyekaa katika nyumba ya mkimbizi, wala kumwondolea mjane hofu.

Ndipo yakatokea mambo ya Bangassou, mji ulio ukingoni mwa Mbomou, ng'ambo ya Kongo. Mwezi wa Mei 2017 wapiganaji waliushambulia mtaa wa waislamu uitwao Tokoyo. Watu walikimbilia msikitini. Askofu Juan José Aguirre alikwenda akasimama pale kati yao na bunduki, na watu waliuawa mbele yake. Baadaye waislamu kama 2.000 walihamishiwa kwenye misioni, wakakaa katika seminari ndogo. Maelfu ya wakaaji wengine walivuka mto wakaja huku kwetu, Ndu.

Sisi tuliolelewa seminarini tuliposikia hayo tulinyamaza. Tunajua seminari ni nini kwa askofu. Ni kitalu chake. Ni vitanda vilivyopangwa, kengele, kikanisa, shamba la mihogo, tumaini la kupata mapadri. Na yule askofu aliifungua, wanaseminari wakakosa nyumba, mahali pao pakawa kambi ya wakimbizi, wala si kwa juma moja au mawili, bali kwa muda mrefu. Kumpokea mtu siku ya hatari ni jambo kubwa. Kumvumilia baada ya hapo, siku kwa siku, ni msalaba.

Wala Kanisa halikulipwa kwa utulivu. Katika parokia ya Mama wa Fatima, Bangui, karibu na mtaa ule wa Kilomita 5, waamini walishambuliwa kanisani mara mbili: mwezi wa Mei 2014, na tena tarehe 1 Mei 2018, wakati wa Misa ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi. Kila mara watu wengi walikufa, na padri mmoja pamoja nao. Hata hivyo kardinali aliwasihi wakristu wasilipe kisasi.

Labda mtu atauliza: basi wauaji waachwe? Hapana, wandugu, kusamehe si kuficha kosa. Tarehe 24 Julai 2025, siku tatu tu kabla ya msiba wa Komanda, mahakama ya kimataifa ya La Haye iliwahukumu wakubwa wawili wa anti-balaka, Alfred Yekatom miaka 15 na Patrice-Édouard Ngaïssona miaka 12, kwa maovu waliyotendewa waislamu. Hukumu ile haikusema wakristu wameua. Ilimwita kila mmoja kwa jina lake, ikataja matendo yake. Hapo ndipo tulipoona tofauti ya haki na kisasi. Haki humwita mtu kwa jina lake. Kisasi huita kabila, au dini, kisha hupiga aliye karibu.

Na sisi Jumapili ile, kwa kunyamaza kwetu, tuliacha mtu aitwe «yule mwislamu», ingawa jina lake tulilijua.

Jumatatu asubuhi tulikwenda dukani. Mzee alikuwa akifunga magunia ya chumvi kwa kamba. Akatutazama, akasema: «Karibu, Mwalimu. Umekuja kununua au umekuja kuniaga?»

Tulikaa juu ya gunia, tukamweleza tulivyonyamaza, tukamwomba radhi. Alikawia kujibu. Kisha akasema: «Mwalimu, mwaka 2021 imamu aliyewakemea waasi hao waziwazi alipigwa risasi msikitini Beni. Mimi na ninyi tunawakimbia watu walewale. Nikitoka hapa, nikimbilie wapi?»

Jioni tuliwaita watu wa shirika letu, tukarudia mbele yao yale tuliyomwambia mzee. Kijana wa kwaya alisimama. Dada yake aliolewa Komanda, na hata saa ile hakujua kama yu hai. Akasema: «Mwalimu, wewe hukufiwa.» Tukamjibu: «Ni kweli, mwanangu.» Hatukuwa na neno lingine la kumpa, na hata leo hatuna. Tulisali Rozari kwa ajili ya dada yake. Baada ya sala, wazee watatu walichukua mikeka yao, tukaenda nao kulala barazani pa duka, usiku ule na usiku sita uliofuata.

Duka halikuchomwa. Kijana hajamsalimu mzee bado, nasi hatumsukumi. Kidonda chake ni kibichi, na Mungu anakijua. Dada yake alipatikana kati ya waliokimbilia porini, lakini mumewe alizikwa Komanda.

Wasomaji wapenzi, katika nchi yetu pia vita vikikoma, watakuja wakubwa na karatasi za amani, nasi tutazifurahia. Lakini siku ile itatukuta na majirani walewale, sokoni, kisimani, njiani kwenda shamba. Tusingoje siku hiyo ndipo tujifunze kuwaita kwa majina yao. Na wewe uliye katekista, mwalimu au mzee wa shirika, watu wakikutazama chini ya mti, usikimbilie kukusanya vitabu vya nyimbo kama sisi.

Mwenye Heri Anuarite, uliyemsamehe aliyekuua, utuombee.