Omba Muda Mapema, Usijifiche

Je, unakumbuka kodi ya maendeleo? Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, watu wengi waliposikia mtoza kodi anakuja walikimbilia porini. Kodi ile imekwisha, lakini mazoea ya kujificha bado tunayo. Hapa Babati mjini wako wafanyabiashara ambao tarehe ya kodi ikikaribia, huzima simu na kufunga duka.

Iko njia iliyo bora. Njia hiyo ni barua.

Mimi hununua mahindi na mbaazi kwa wakulima, nikauza kwa jumla. Mauzo yangu hupita shilingi milioni 100 kwa mwaka. Hesabu zangu huthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kisha ninapeleka taarifa ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Watu wa kodi huiita ritani. Mwaka wangu wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba. Sheria inanipa miezi sita, yaani mpaka tarehe 30 Juni.

Mwaka mmoja mhasibu wangu aliugua mwezi wa Mei, akalazwa. Vitabu vyangu vilikuwa ofisini kwake, hesabu hazijakamilika. Wenzangu sokoni walinishauri ninyamaze. Walisema, "Ukienda mwenyewe, umejipeleka."

Lakini ukinyamaza, adhabu hainyamazi. Sheria ya mwaka 2015 ilimtoza mtu anayechelewesha ritani adhabu isiyopungua pointi 5. Pointi moja ilikuwa shilingi 15,000. Piga hesabu: 5 mara 15,000 ni shilingi 75,000. Hiyo ni kwa kila mwezi, hata mwezi usiotimia.

Tarehe 10 Juni niliandika barua. Nilitaja jina langu, namba yangu ya mlipa kodi, mwaka wa hesabu, sababu ya kuchelewa, na siku ninazoomba. Niliomba siku 20. Nilipeleka nakala mbili. Moja ilibaki ofisini. Ya pili ilipigwa muhuri, nikaihifadhi nyumbani. Ombi langu lilikubaliwa.

Angalia sana jambo hili. Kuongezewa muda wa kuleta ritani si kuongezewa muda wa kulipa kodi. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina ombi lake. Kwa hiyo fedha niliyokadiria kuwa nadaiwa niliilipa kabla ya tarehe 30 Juni. Tena, Kamishna Mkuu anaweza kukataa ombi lisilo na sababu ya kutosha. Kwa hiyo eleza sababu ya kweli, na uonyeshe ushahidi wake.

Ndugu msomaji, labda wewe hupeleki ritani. Labda unadaiwa mkopo wa chama cha ushirika, au mchango wa shule. Mambo ni yale yale. Anayekudai hajui shida yako mpaka umweleze. Mweleze kabla siku haijafika, tena kwa maandishi. Wazee wetu wengi hawakujua kuandika, ndiyo maana walikuwa na miguu tu ya kukimbilia. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Shika kalamu, uandike.