Lipu Iliyobanduka

Je, nyumba yako ni ya matofali mabichi? Je, umeipiga lipu ya saruji? Basi soma habari yangu.

Mimi nakaa Mtumba, Dodoma. Mwaka 2019 wizara za Serikali zilihamia hapa kwetu. Majengo mazuri yakajengwa. Nami nikatamani nyumba yangu ipendeze. Niliuza alizeti yangu yote, nikanunua saruji. Fundi akapiga lipu kuta zote za nje. Mke wangu akasema, "Sasa na sisi tunakaa mjini!"

Mwaka wa pili, mvua zilipokwisha, niliona ufa karibu na dirisha. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Nikaupuuza. Jioni moja kipande kikubwa kama mlango kilianguka. Kilivunja kigoda ambacho mama yangu hukalia. Mama alikuwa ameingia ndani kuchukua maji.

Nilikitazama kipande kile. Saruji ilikuwa nzima. Matofali nayo yalikuwa mazima ukutani. Vilikuwa vimeachana pale pale vilipoungana.

Sababu ni hii. Udongo ukinywa maji huvimba. Ukikauka husinyaa. Saruji ni ngumu, haifanyi hivyo sana. Basi kila msimu vinavutana mahali vilipoungana. Ufa hufuata njia nyepesi. Hupita katikati yao, ndani kwa ndani, nawe huoni kitu. Maji huingia katika ufa huo. Hayakauki upesi, maana saruji imeziba. Udongo hulainika, na ufa huzidi kwenda mbele.

Utauliza, mbona nondo na zege haviachani katika majengo makubwa? Chuma na zege vikipata joto hutanuka karibu sawasawa. Tena nondo zina mikunjo ya kushika zege.

Gonga ukuta wako kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, lipu imekwisha kuachana na ukuta. Ibandue kabla haijaanguka. Mimi nilibandua yote, na fedha ya alizeti ikapotea. Nilikwaruza ukuta, nikaulowesha kidogo, nikapiga lipu ya udongo na mchanga. Juu yake nikapaka chokaa. Nilirefusha na paa ili mvua isipige ukuta. Wazee wetu Wagogo walikandika tembe zao kwa udongo, nasi vijana tuliwacheka!

Kila mwaka mvua zikiisha nakandika palipochakaa. Mama amepata kigoda kingine. Amekiweka mahali pale pale, lakini hakalii mpaka ameugonga ukuta.