Gego Langu na Mimba ya Tatu

Mama mkwe wangu husema kila mimba huondoka na jino la mama. Mimi nilikuwa nimezaa wawili bila kupoteza hata moja, kwa hiyo nilikuwa namcheka. Mimba ya tatu, hapa Nyarugusu, gego la chini upande wa kulia likaanza kuniuma mwezi wa tano, na kicheko kikaisha.

Ilianza kama baridi tu nikinywa maji. Baada ya wiki shavu likavimba, usiku nakaa kitako mpaka jogoo anawika. Nikaenda kutibiwa. Aliyenipokea hakuniambia hata nifungue mdomo. Alitazama tumbo tu, akasema, "Mama, jino haliguswi na mimba. Njoo ukishajifungua." Miezi minne! Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira.

Jirani akanielekeza kwa kijana anayeuza dawa mezani kule sokoni. Nilijifunga kitenge vizuri ili tumbo lisionekane, maana niliogopa na yeye atanikatalia. Akanipa vidonge vya rangi mbili na diklofenaki. Nikameza siku mbili. Maumivu yalipungua, uvimbe ukabaki pale pale.

Mama mmoja wa wale wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba ndiye aliyeona shavu na kuniuliza nakunywa dawa gani. Nilipomwonyesha, akavikusanya vyote mkononi, akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno.

Vile vya rangi mbili vilikuwa tetrasaiklini. Daktari alinieleza kwamba dawa hiyo inaingia kwenye meno ya mtoto yanayojengeka tumboni, na baadaye yanaweza kuota na madoa ya manjano au kahawia. Diklofenaki nayo, mimba ikishavuka nusu, inaweza kudhuru figo za mtoto. "Sasa unaona," akasema, "walikuogopesha na sindano ya ganzi, ukaenda kumeza hivi. Ganzi ya meno tunawapa wajawazito. Usaha ukiachwa kwenye taya, huo ndio unaweza kusambaa mwilini." Mwezi wa nne mpaka wa sita, akaongeza, ndio wakati mwepesi zaidi wa kukaa kwenye kiti, lakini jino lenye usaha halingojei mwezi.

Nilipolala chali kizunguzungu kikanishika. Akakunja shuka, akaliweka chini ya nyonga ya kulia ili nielemee kushoto, nikapumua. Jino likatoka. Nilirudi nyumbani na amoksilini na parasetamoli, na agizo moja: nikitapika nisukutue kwanza kwa maji, nisipige mswaki papo hapo, maana ile asidi inalainisha meno.

Kliniki ya wajawazito walikuwa wamenipima damu, mkojo, presha na uzito. Habari ya mdomo hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Ninyi mnaofanya kazi kule, swali lenyewe ni fupi jamani.

Kuhusu zile siku mbili, daktari alisema vidonge vilikuwa vichache, lakini hawezi kuniapia. Mtoto ana miezi saba sasa. Meno mawili ya chini yamechungulia. Kila asubuhi nampeleka mlangoni penye mwanga, namshusha mdomo taratibu kwa kidole, natazama.