Makupa: Kuwinda ndege wadogo kwa kamera

Ukiingia kisiwa cha Mombasa kwa barabara ya kutoka Nairobi, mtaa wa kwanza kukupokea ni Makupa. Wengi hupajua kwa msongamano wa magari na kelele za makanga. Ni wachache ambao wangefikiria kubeba kamera kwenda huko kutafuta ndege. Lakini nyuma ya maduka na maghorofa, kuelekea Majengo, bado zimebaki nyumba za Kiswahili za vyumba sita, na kila moja ina uani wake: kamba ya nguo, pipa la maji, mpapai, pengine mgomba mmoja au mwarobaini. Huko ndiko wanakojificha ndege wadogo wa mji huu.

Nasema wanajificha kwa sababu ndivyo ilivyo. Kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo kisiwa kimekuwa chake. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na jaa la Kibarani, ng'ambo tu ya Makupa, lilimlisha kwa miaka mingi kabla ya kufungwa. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Mpango ni mpango. Simama Makupa alfajiri uwasikilize.

Kwa hiyo picha ya chozi iliyopigwa uani Makupa ina uzito ambao hauko katika picha ya chozi wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni ushahidi kwamba bado yupo mjini. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea habari za ndege kutoka kwa raia wa kawaida. Muhimu ni kujua ni ndege gani, alionekana wapi na siku gani. Mwanafunzi mwenye simu ya mkononi anaweza kuchangia sawa na profesa.

Kwanza lakini, hodi. Uani ni mahali pa akina mama, pa kupikia na kufulia, na mgeni anayeelekeza kamera huko bila ruhusa anatafuta ugomvi. Msalimu mama mwenye nyumba, mweleze unatafuta nini, na usipige picha mtu wala nguo zilizoanikwa. Akishakubali, mara nyingi yeye ndiye atakayekuonyesha shorewanda hushuka saa ngapi kudonoa mapapai, maana anamwona kila siku.

Nenda mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Baadaye jua huwa juu ya kichwa, na ndege hutoka na kivuli cheusi usoni. Tia maji kwenye sahani pana, uiweke kivulini, kisha kaa kwenye mlango wa ukumbi bila kutikisika. Wakati wa kaskazi, joto la Januari na Februari linapobana, maji huvuta ndege kuliko chakula. Ukitaka kuwawekea mchele, ufunike kwa dema kuukuu. Shomoro atapenya kwenye matundu, kunguru atabaki nje akikasirika. (Shomoro wa nyumbani naye ni mgeni aliyeletwa pwani, ila hana makuu.)

Sasa nije kwenye jambo linalowasumbua wengi. Katika nchi za baridi kama Finland, watu hupiga picha ndege wa uani wakati wa theluji. Huwawekea mbegu karibu na dirisha, na njaa huwaleta ndege wenyewe. Shida yao ni weupe. Kamera ikiona theluji hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Theluji ikatoka kijivu na ndege kama kipande cha makaa. Sisi hatuna theluji, lakini tuna kuta za chokaa na mabati yanayometameta, na kamera hudanganyika vilevile. Dawa ni moja huko na huku: ongeza mwanga. Kwenye simu nyingi, gusa kioo pale alipo ndege, kisha pandisha ile alama ya jua kidogo. Ukuta utakuwa mweupe zaidi, lakini utaona manyoya ya chozi yakibadilika kutoka nyeusi kuwa kijani na zambarau. Enzi za filamu ya picha 36 tungelijua kosa baada ya siku tatu, studio. Leo unarekebisha papo hapo.

Ukikuta kiota cha chozi kinaning'inia kwenye waya au chini ya upenu, kama kifuko cha nyuzi na majani makavu, usisimame karibu nacho. Kunguru huangalia watu wanaangalia nini. Umeondoka, naye anateremka.

Kutoka uani, tembea hadi darajani. Zamani lile tuta la Makupa lilizuia maji ya hori kupita. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeyaachia tena. Maji yakitoka, angalia vitwitwi wakikimbia kwenye matope. Wengine hawazidi gramu 30, na walianguliwa kaskazini ya mbali, ambako theluji hufunika ardhi sehemu kubwa ya mwaka. Juu yao, kuanzia Septemba au Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya hujipanga kwenye nyaya za umeme, tumbo jeupe na koo jekundu. Hao ndio rahisi kupiga picha, kwani hutulia.

Wawahi kabla ya Aprili. Masika yakianza huondoka kurudi kwao, na nyaya za Makupa huachiwa kunguru.